Tupime Kabla ya Kununua

Hifadhidata ya kompyuta inapozorota, wengi hukimbilia kununua mashine kubwa zaidi. Kwa maoni yetu, huko ni kutoa dawa kabla ya kupima ugonjwa. Tangu toleo la 10g la Oracle, lililotangazwa mwaka 2003, ipo njia nyepesi ya kupima. Kila sekunde moja programu huwatazama watumiaji ambao maombi yao hayajakamilika, na kuandika kila mmoja anafanya au anangojea nini. Wasio na ombi hawahesabiwi.

Tuchukue mfano. Katika dakika 5, yaani mitazamo 300, zimepatikana sampuli 1,200. Basi, kwa wastani, watumiaji 4 walikuwa na maombi kwa wakati mmoja. Ikiwa sampuli 900 ni za wanaongojea rekodi moja iliyofungwa na mwenzao, mashine mpya itafaa nini? Lifaalo ni kusahihisha programu inayochelewa kuifungua.

Ni kweli kwamba tukio la nusu sekunde laweza kupita bila kuonekana. Lakini likirudiarudia, sampuli zitalifichua. Ndugu walimu, wafundisheni vijana kwamba takwimu za darasani huokoa fedha.