Pointi 30 kwa 3: mgeni hakukosea

Wapenzi wa besiboli nchini Marekani bado wanaukumbuka mchezo wa Agosti 22, 2007 mjini Baltimore, ambapo wageni, Texas Rangers, waliwachapa wenyeji, Baltimore Orioles, pointi 30 kwa 3. Tangu mwaka 1897 hakuna timu ya ligi kuu iliyokuwa imefikisha pointi 30 katika mchezo mmoja. Matokeo ya aina hiyo yakitokea, huzuka lawama ileile: mshindi alipaswa kumhurumia mwenzake. Lawama hiyo inamwonea mgeni.

Wenyeji ndio waliotangulia, 3-0 baada ya mizunguko mitatu. Kisha Rangers wakapata pointi 5 katika mzunguko wa nne, 9 katika wa sita, 10 katika wa nane na 6 katika wa tisa. Ilikuwa siku ileile ambayo uongozi wa Orioles ulitangaza kwamba kocha wa muda, Dave Trembley, angeendelea na kazi mwaka uliofuata.

Aliyezoea soka atauliza kwa nini Rangers hawakurudisha mpira nyuma hadi filimbi ya mwisho. Besiboli haina saa. Timu inayopiga huendelea kupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe, na kuwatoa ni kazi ya mpinzani. Anayetaka kuonesha huruma itambidi aukose mpira makusudi mbele ya watu waliolipa kiingilio. Tena kanuni inambana mgeni zaidi, kwa kuwa ndiye anayetangulia kupiga katika kila mzunguko. Mwenyeji akiwa anaongoza, hapigi tena mwishoni mwa mzunguko wa tisa, mchezo umekwisha. Mgeni lazima apige, hata akiwa mbele kwa pointi 21 kama ilivyokuwa siku ile.

Na nani aambiwe aache? Jarrod Saltalamacchia na Ramón Vázquez, waliokuwa mkiani kabisa mwa orodha ya wapigaji, kila mmoja aliingiza pointi 7. Mchezaji wa nafasi hiyo hupigania ajira yake kila anaposhika gongo.

Kwa watoto, kukatisha mchezo mapema pengo likizidi ni jambo la haki, na kanuni za Little League zinaruhusu. Majirani zetu wa Uganda wanaijua michuano hiyo: mwaka 2012 watoto wao walifungwa na Panama na Mexico huko Williamsport, kisha wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Lakini ligi ya watu wazima wanaolipwa mshahara, yenye michezo 162 kwa kila timu, haihitaji kubembelezwa hivyo.

Wa kuhurumiwa walikuwa warushaji wanne wa Orioles, kila mmoja akiruhusu pointi 6 au zaidi, na huruma hiyo ilikuwa juu ya kocha wao. Upande wa pili, Wes Littleton wa Rangers aliandikiwa kuwa ameokoa ushindi, kwa sababu tu alirusha mizunguko mitatu ya mwisho. Kuokoa ushindi wa tofauti ya pointi 27! Hiyo ndiyo kanuni ya kurekebisha.

Usiku uleule timu hizo zilirudi uwanjani kwa mchezo wa pili. Orioles walifungwa tena, safari hii 9-7.