Usiandike Jina Lako Ukutani

Ewe msomaji kijana, hapa Kamakis, karibu na Ruiru, kuta zimejaa maandishi. Huyu atangaza nyama choma, yule atangaza vyumba vya kupanga. Mwenye ukuta akichoshwa nayo hununua ndoo ya rangi, na kwa siku moja yote hufutika. Kwa mazoea hayo huenda ukadhani kwamba kila ukuta duniani ni wa mwenye msumari.

Sivyo hata kidogo. Siku mtakapopelekwa Mombasa kuitazama ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mtaonyeshwa michoro ya merikebu na watu. Wareno waliokaa humo waliichora juu ya lipu ya chokaa. Katika magofu ya Kilwa, Tanzania, nako vyombo vya matanga vilichorwa ukutani kwa ncha kali.

Najua utauliza, "Mbona wale walichafua kuta, na leo wahifadhiwa kwa heshima? Kwa nini mimi nilaumiwe?"

Swali ni la mwerevu, lakini jibu lipo. Hatuwasifu kwa kuchafua. Mbao za vyombo vyao zilioza na matanga yakararuka. Michoro ikabaki kuwa shahidi wa namna mlingoti ulivyosimamishwa na tanga lilivyofungwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nasi twajifunza uundaji huo kwa mistari ile michache. Wewe una mashahidi tele: cheti cha kuzaliwa, daftari la shule, picha zisizo na idadi. Ukuta huo hauna haja ya jina lako.

Tena, wale walichora juu ya lipu tupu, bali wewe wakwaruza juu ya ushahidi. Wafanana na mtu aandikaye jina lake juu ya barua ya marehemu kabla warithi hawajaisoma. Na lipu ya kale ikishabanduka, hakuna ndoo ya rangi iwezayo kuirudisha. Ndiyo maana sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi yaihesabu kazi hiyo kuwa kosa.

Basi uendapo huko, msumari uache nyumbani. Chukua daftari na penseli, keti mbele ya merikebu ile, uinakili. Utarudi Kamakis nayo, na mwenzako wa mwakani ataikuta palepale.