Tusome kichwa cha bolti kabla ya kulipa

Wenye magari ya utalii hapa Arusha wanataka wepesi. Dereva anaingia gereji kwetu, Unga Limited, na Land Cruiser yake, anaomba bolti za chasisi zenye kutu zitoke, ziwekwe nyepesi zinazong'aa. Nia yake naielewa, maana magari haya hubeba mizigo mizito. Lakini bolti ya chasisi imeshikilia uhai wa abiria, na mng'ao si kipimo cha nguvu.

Bolti nyingi za stenlesi zimeandikwa A2-70 kichwani. Hukatika zikivutwa kwa megapaskali 700 hivi, na kwenye 450 tu zinaanza kurefuka bila kurudi. Ya chuma yenye alama 8.8 inahimili 800, na hairefuki hivyo mpaka 640. Ya 10.9 inahimili 1,000, nayo husubiri hadi 900. Kwa hiyo fundi akitoa 10.9 pale springi inaposhikana na chasisi, akaweka stenlesi ya unene uleule, amepunguza uwezo wa kukaza kwa nusu. Na kukaza ndiyo kazi yenyewe: bolti ikikazwa huvutika kidogo na kuvibana vyuma viwili visisogee. Vikianza kusogea, ile barabara ya vumbi ya Ngorongoro kwenda Seronera, yenye mawimbi kama bati, itamalizia. Tundu litapanuka, nati italegea, bolti itakatwa ubavuni.

Titaniamu je? Ile ya gredi 5 ina nguvu kweli, inaizidi 8.8, na uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya chuma. Hata hivyo bei yake ni kali, na nyuzi zake hung'ang'aniana na nati zisipopakwa mafuta maalumu. Tupige hesabu. Bolti ya chuma ya milimita 12, urefu 50, ina gramu 60 hivi. Badilisha 20 kwa titaniamu, umeokoa nusu kilo. Dumu moja la maji la lita 20 ukiliacha nyumbani, umeokoa kilo 20. Wepesi utafutwe kwenye keria, bampa na mizigo. Chasisi ibaki na chuma cha gredi iliyotoka nayo kiwandani.

Nyuzi nazo zitazamwe. Magari ya Kijapani hutumia sana bolti ya milimita 10 yenye nyuzi za 1.25, wakati bolti ya dukani kwa kawaida ni ya 1.5. Ikiingia kwa kulazimishwa, imeshaharibu nati.

Ndugu zangu wauza spea, msichanganye gredi kwenye boksi moja, na mwandike gredi kwenye risiti. Nanyi wenye magari, mwombeni fundi awaonyeshe kichwa cha bolti kabla hajaifunga. Kisipokuwa na alama yoyote, msikubali iguse chasisi.