Kusinzia Si Uvivu, Acheni Kutufuta Kwenye Orodha

Tuanze na mwenzetu mmoja. Jina hatulitaji, mwenyewe ameomba hivyo. Alikuwa anajitolea pamoja nasi huku Nakivale, kila jioni anafundisha watoto kusoma. Akakutwa amelala kwenye kikao mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, shirika lililokuwa linampa posho likamfuta kwenye orodha. Sababu waliyoandika: mvivu.

Na sisi tusijitoe. Tulishambatiza jina, "Godoro", tukacheka sana. Kuna kitu tulikuwa tunakiona bila kukielewa: akicheka kwa nguvu magoti yanalegea, anaanguka chini, lakini macho yako wazi na anasikia kila kitu. Wengine wakasema kifafa. Wengine wakasema majini, akapelekwa kuombewa.

Daktari wa kwanza aliyemsikiliza mpaka mwisho ndiye alisema anashuku nakolepsia. Ni ugonjwa wa ubongo. Kwa wengi wenye hali ya kuanguka hivyo, chembe zinazotengeneza oreksini, kemikali inayomsaidia mtu kukaa macho, zimekufa. Mara nyingi huanza katika ujana, umri uleule ambao sisi tunatafuta kazi na kurudi shule. Haijapata tiba ya kuumaliza, lakini dawa za kupunguza usingizi wa mchana zipo. Mojawapo ni modafinili, iliyogunduliwa Ufaransa na kuruhusiwa Marekani tangu 1998. Yaani wengi wetu hatujazaliwa, dawa ipo. Huku bado tunaitana wavivu!

Tunajua mtatujibu nini, ndugu zetu wa mashirika. "Dawa za malaria zenyewe zinaisha, mnataka kidonge cha kuondoa usingizi?" Sawa. Hatujaomba muanze na kidonge. Anzeni na swali. Mtu akisinzia kila siku, kabla ya kumfuta muulizeni: umelala saa ngapi? Unakoroma na kukata pumzi usiku? Unakunywa dawa gani? Maana vidonge vya mafua na mzio vinaleta usingizi, dawa za kifafa pia. Na ugonjwa wa malale wa mbung'o, tunaotoka Kongo tunaujua. Kila kimoja kina njia yake. Anayekata pumzi usiku, modafinili haifungui koo lake. Mwandikieni barua ya kumwona daktari, siyo barua ya kumfukuza. Kulala dakika 15 au 20 mchana kwa ratiba kunamsaidia mwenye nakolepsia. Hiyo inahitaji bajeti gani?

Sasa vijana wenzetu, na nyinyi tuwaambie. Kuna wanaotafuta vidonge vya kukesha mitaani ili wasome usiku au walinde maduka. Acheni. Modafinili ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Inaweza kuleta maumivu ya kichwa, moyo kwenda mbio, na mara chache vipele vikali vya kuhatarisha maisha. Dada zetu sikilizeni vizuri: inapunguza nguvu ya vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango, hata mwezi mmoja baada ya kuiacha. Na ukipata mimba, inaweza kumdhuru mtoto. Muuzaji wa mtaani hatakwambia hayo. Na kama huna ugonjwa ila umekesha tu, dawa yako ni kulala.

Kwa hiyo madai yetu ni mawili. Mwenzetu arudishwe kwenye orodha, apewe zamu ya asubuhi na nafasi ya kupumzika. Na hakuna mtu afutwe tena kwa kusinzia kabla hajaonwa na daktari.

Sisi jina la "Godoro" tumeshaliacha, na msamaha tumemwomba mbele ya kikundi kizima. Bado nyinyi kwenye hilo faili lenu.