Kengele Iliayo Daima Haisikiki
Mwalimu au mwanafunzi anayetangaza vitabu vyake kupitia Google Ads na ajue jambo moja: tangu mwaka wa 2017, kampuni hiyo yaweza kutumia kwa siku moja hata maradufu ya bajeti ya siku aliyoiweka. Hivyo basi, arifa ni za lazima. Lakini anayearifiwa kila gharama inapozidi shilingi 500, hata mauzo yakiwa mazuri, mwishowe atazipuuza arifa zote. Siri imo katika kiunganishi ‘na’: gharama imezidi shilingi 500, na hapana mnunuzi hata mmoja. Hiyo ndiyo arifa ya kumwamsha mtu usingizini. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Walakini, daftari lisilochujwa nalo halisomeki.