Tumbo la Jumapili jioni

Huenda unausoma ukurasa huu baada ya chamcha, sare za shule zikining'inia kambani na mwanao akicheza nje bila habari. Ngoja saa mbili usiku ifike. Ndipo utakapomsikia: "Mama, tumbo linauma."

Kwangu wimbo huo uliimbwa Jumapili nne mfululizo. Kijana wangu yuko Gredi ya 4. Jumapili ya kwanza nilimpa dawa ya minyoo. Baada ya ile ya pili nilimpeleka kliniki, wakampima choo na mkojo, hawakuona kitu. Ya tatu, nakiri, nilimwita mwongo na kumpiga kofi. Jirani yangu alikuwa amenikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, nami nikaona amesema kweli.

Tulikosea sote wawili. Mtoto hakuwa akidanganya. Mtu akishikwa na hofu, mwili humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, damu hupungua tumboni ikakimbilia kwenye misuli, kana kwamba kuna simba mlangoni. Tumbo husokota kikweli. Mtu mzima atasema, "Nina wasiwasi." Mtoto wa miaka tisa hana neno hilo, analo tumbo. Mwingine huumwa na kichwa, mwingine huanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha.

Tazama kalenda. Tumbo linalotulia Jumamosi na wakati wa likizo huenda lina habari za shule. Lakini tumbo linalomwamsha usingizini, au linaloandamana na homa, kutapika, damu au kukonda, hilo ni la daktari, si la gazeti.

Utamwulizaje basi? Mimi nilimketisha kitini nikamkazia macho kama askari: "Nani anakusumbua?" Kimya. Jibu nililipata siku nyingine tukiosha vyombo, mimi nasugua, yeye anasuuza. Bila kuniangalia akasema kwamba basi la shule lilikwama kwenye msongamano wa magari barabara ya Jogoo, akabanwa na haja ndogo, akajikojolea. Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo alikuwa akiumwaga uji wake wa asubuhi kwenye sinki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenichapa."

Neno hilo lilinichoma kuliko kisa chenyewe.

Ukishajua, utatamani kumwacha akae nyumbani. Usifanye hivyo siku nyingi. Nafuu anayoipata akikwepa ndiyo inayomfunza kwamba shule ni kitu cha kuogopwa, na kesho yake hofu huwa imeongezeka. Wala "usiogope" haimsaidii. Sisi tulikwenda polepole. Siku mbili nilimpeleka mwenyewe kwa matatu. Nilizungumza faraghani na yule mama anayewasimamia watoto garini, akampa kiti cha mbele, na dereva akakubali kusimama kwenye kituo cha petroli mtoto akiinua mkono. Siku ya tatu akapanda basi. Nilimfunza pia kuvuta pumzi kwa pua hadi tumbo lijae, kisha kuitoa taratibu kama anayepoza chai. Hadi leo hajawahi kuinua mkono huo. Kujua kwamba anaweza kumetosha.

Huenda mwanao anaogopa kiboko. Viboko vilipigwa marufuku shuleni humu nchini mwaka 2001, kwa hivyo nenda kwa mwalimu mkuu bila kuomba radhi. Na kama kuna jambo asiloweza kukwambia wewe, mwonyeshe nambari 116 ya Childline Kenya. Kupiga ni bure.

Kwetu tumbo bado huuma Jumapili mojamoja. Uji wa Jumatatu asubuhi hautaki, nami simlazimishi. Namtilia kwenye chupa akaunywe akifika shuleni.