Neno kwa Jamaa: Kinywa Kimoja, Kazi Mbili



Mwezi huu nawapeleka mbali na Mugunga, hata Katanga, kwenye migodi ya shaba. Mtauliza: sisi huku juu ya mawe ya volkano, mambo ya Lubumbashi yanatuhusu nini? Ngojeni kidogo, tutarudi nyumbani.

Mzee Gabriel Kyungu wa Kumwanza alizaliwa mwaka 1938 huko Ankoro, kaskazini mwa Katanga. Mwaka 1980 alikuwa depite Kinshasa. Wakati ule chama kilikuwa kimoja tu, MPR, na kila mtu alihesabiwa kuwa wa chama hicho, apende asipende. Kumpinga Mobutu ilikuwa kujitafutia gereza. Hata hivyo madepite 13 walimwandikia barua ndefu ya kurasa 52, wakamwambia wazi kwamba inchi inaharibika. Kyungu alikuwa mmoja wao. Etienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alikuwa mwingine. Walifungwa, wakateswa, lakini mwaka 1982 wakazaa chama cha UDPS. Kijana, shika neno hili: mtu wa Katanga na mtu wa Kasai walitia majina yao chini ya barua moja.

Mwaka 1990 Mobutu akaruhusu vyama vingi. Kyungu akawa upande wa Nguza Karl-i-Bond katika chama cha UFERI. Mwaka 1991 Nguza akawa waziri wa kwanza, na Kyungu akawa guverneri wa jimbo la Shaba, ndiyo Katanga.

Siku zile Gécamines ilikuwa inaanguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Kampuni iliyokuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka ilishuka, hata mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Ninyi jamaa za wachimbaji mnajua maana yake: mshahara haufiki, watoto wanafukuzwa masomoni, dawa hakuna. Nani mkosaji? Wakubwa walikuwa wamekula mali, na mashini hazikutengenezwa. Lakini katika mikutano yake guverneri alionyesha kidole kwa Wakasai, kwamba ndio wameshika nafasi za kazi za wana wa Katanga. Kumbe Wakasai wale, baba zao waliletwa na kampuni na reli tangu wakati wa Wabelgiji. Wengi walizaliwa hapo hapo, na Kasai hawakuijua. Vijana wa chama wakaanza kuwaita bilulu, maana yake wadudu.

Mdudu hauliziwi jina, anakanyagwa. Mwezi wa Agosti 1992 Tshisekedi alichaguliwa kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguza, na moto ukawaka. Likasi watu walifukuzwa majumbani mwao; mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Maelfu walilala kwenye gare na masomoni, wakingoja treni miezi na miezi. Wengine walikufa hapo kwa magonjwa, wengine njiani. Malaki ya watu waliondoka.

Sasa tuulize: walipokwisha kuondoka, mgodi ulifunguka? Hapana. Waliokwenda ni mafundi, walimu, wauguzi. Shaba ilizidi kushuka, na njaa ya mwana wa Katanga ilibaki pale pale. Kyungu mwenyewe aliondolewa katika kiti mwaka 1995.

Hakuacha politike. Kwa chama chake cha UNAFEC alirudi, akawa presida wa bunge la jimbo la Katanga tangu mwaka 2007. Mwaka 2015 aliachana na Raisi Kabila akarudi upinzani, na mwaka 2016 kundi lake likakaa tena meza moja na mzee Tshisekedi. Mwaka 2019, wakati mtoto wa Tshisekedi alikuwa raisi, Kyungu akapewa uongozi wa baraza la shirika la reli, SNCC. Reli ile ile iliyobeba Wakasai! Alikufa Luanda, Angola, mwezi wa Agosti 2021. Watu wengi wa Katanga walimlilia kama baba. Wenye kufukuzwa, wao wana kilio chao kingine. Vilio vyote viwili ni vya kweli.

Tunarudi Mugunga. Sisi hatuhitaji kufundishwa kukimbia ni nini. Mwaka 1994 tuliona wakimbizi wa Rwanda wakijaa hapa. Kisha wakaja ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru, mara nyingi, na mwezi wa Mei 2024 mabomu yaliwakuta hata ndani ya kambi. Na huku kwetu pia kuna majina mabaya ambayo kabila moja linaita lingine. Mnayajua, siyaandiki. Tunayasema sokoni, tunayasema kwa mzaha, na watoto wanasikia.

Kijana, kiongozi akija kukuomba nguvu yako, usimwambie "ndiyo" kwa sababu tu amefungwa na serikali, au ni mtu wa kwenu. Mtu anaweza kuwa shujaa mwaka 1980 na mwaka 1992 akakutuma uchome nyumba ya jirani. Muulize: shida yetu imetoka wapi, na utaitengeneza namna gani? Akikujibu kwa jina la kabila, ujue hana jibu. Rudi nyumbani kwako.

Wazazi, jioni hii ongeeni na watoto habari hii. Na jina lile baya likitoka mezani kwenu, lisipite bure. Mwenye kulisema aulizwe, hata kama ni baba.

Tuonane mwezi ujao.